Mimi Ni wa 88 Katika Mji wa 44

Barua yoyote inayokwenda Chuo Kikuu cha Syracuse, kaskazini mwa jimbo la New York, huandikwa msimbo wa posta 13244. Simu za ofisi za chuo huanza na 443. Tarakimu hizo hazikuja zenyewe. Chuo kiliziomba makusudi, ili 44 isomeke kwenye kila bahasha na kila kadi ya profesa, hata profesa wa kemia asiyejua uwanja uko upande gani. Na hiyo 44 ni namba ya jezi: jezi ya futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mabega ya plastiki ambao kwetu Mombasa ukiutaja watu hudhani unazungumzia raga.

Mimi niliingia Syracuse kwa mlango mwingine kabisa. Maktaba ya chuo ina nakala za filamu za Nyaraka za Taifa za Kenya, mikanda kwa mikanda ya ripoti za ma-DC, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, na hizo ndizo zilizonileta. Futiboli ilinifuata mtaani. Katika mji huu mtu hawezi kukaa vuli nzima bila kuulizwa anasimama na namba gani, kama vile kwetu mgeni asivyomaliza wiki kabla ya kuulizwa ni wa timu gani. Jirani yangu, mzee aliyesoma hapa miaka ya 1960, ana gereji ambayo siku ya mechi hugeuka baraza. Viti vya kukunja, mabawa ya kuku yenye pilipili, televisheni juu ya friza, na wazee wenzake ambao wamekuwa wakibishana jambo lile lile tangu wakiwa na nywele: namba ipi ya jezi ni bora kuliko zote katika historia ya timu.

Ubishi huu una utaratibu wake. Anayetafutwa si mchezaji bora, maana hilo wangelimaliza kwa saa moja. Namba hupita migongoni mwa watu wengi, kwa hiyo anayeitetea hutetea ukoo mzima. Ukisema 5, umemsema Donovan McNabb na hadithi imeishia hapo. Ukisema 44, jiandae kukaa mpaka mabawa yaishe.

Yuko mmoja pale, mhasibu mstaafu, ambaye huja na yadi. Kwake yadi ndiyo hoja: mtu alikimbia na mpira umbali gani kwa miaka yake yote ya chuo. Jim Brown, namba 44, yadi 2,091. Ernie Davis, namba 44, yadi 2,386. Floyd Little, namba 44, yadi 2,704. Wote watatu walicheza misimu mitatu mitatu, kwa sababu enzi hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Kila mmoja alimpita aliyemtangulia, na ngazi hiyo inapendeza kweli kuitazama. Lakini mhasibu huyo huyo, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, humalizia: Larry Csonka, namba 39, yadi 2,934. Csonka alicheza pamoja na Little, akaja kumpita. Kama yadi ndizo zinazoamua, mjadala ni wa 39, na kila mtu gerejini anajua kwamba siyo. Hakuna aliyewahi kuiombea 39 msimbo wa posta.

Kwa hiyo 44 ina kitu kingine, na kitu hicho ni namna ilivyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Jim Brown alizaliwa kisiwa cha St. Simons, Georgia, mwaka 1936, akahamia Manhasset, Long Island, akiwa mtoto. Syracuse haikumpa ufadhili wa futiboli alipofika. Wakili mmoja wa Manhasset, Kenneth Molloy, ambaye mwenyewe alisoma Syracuse, alichangisha fedha kwa watu wa mji wake ili kijana asome, na Brown alikaa muda mrefu akiamini kwamba ni chuo kinachomlipia. Alikuwa mtu mweusi peke yake kwenye timu, na makocha hawakuwa na haraka naye. Walimweka benchi mpaka majeraha ya wengine yakawalazimisha kumwingiza. Alipoingia, hapakuwa tena na mtu wa kumtoa.

Tarehe 17 Novemba 1956, dhidi ya Colgate, Brown alifunga tachidauni sita, yaani mara sita aliuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, kila moja pointi 6. Halafu akapiga yeye mwenyewe mateke saba ya pointi ya nyongeza. Pointi 43, mtu mmoja, mchana mmoja. Syracuse ilishinda 61 kwa 7. Rekodi hiyo ilisimama mpaka 1990, Howard Griffith wa Illinois alipofunga tachidauni nane. Na bado mwaka ule wa 1956, kwenye kura za Tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, Brown aliwekwa wa tano. Tuzo ilikwenda kwa Paul Hornung wa Notre Dame, timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza nane. Wazee wa gerejini wakifika hapo huacha kula. Hasira yao ni ya jana, na mimi naona wana haki nayo.

(Msomaji wa Kongo anaweza kumkumbuka Brown kwa jambo jingine. Oktoba 1974, Ali alipomwangusha Foreman Kinshasa, Brown alikuwa kwenye meza ya watangazaji kando ya ulingo.)

Brown ndiye aliyesaidia kumshawishi Ernie Davis. Davis alikuwa kijana wa Elmira, mji mdogo kusini mwa jimbo hilo hilo, na vyuo vingi vilimtaka. Syracuse ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: mtu mweusi aliyepita pale, akateseka pale, akatoka akiwa nyota, na ambaye sasa alikuwa tayari kumwambia kijana aende. Kocha Ben Schwartzwalder alimpa 44 ile ile. Katika msimu wake wa kwanza, 1959, Syracuse haikufungwa hata mara moja. Tarehe 1 Januari 1960, mjini Dallas, kwenye mechi kubwa ya Cotton Bowl, Davis alidaka pasi na kufunga tachidauni ya yadi 87, Texas ikalala 23 kwa 14, na Syracuse ikawa bingwa wa taifa. Mpaka leo ni ubingwa wake pekee.

Mwaka 1961 Davis alipata Heisman, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Ile waliyomnyima aliyemtangulia, ikaja kwa aliyevaa jezi yake. Siku ya kupokea tuzo jijini New York, Rais Kennedy alikuwa mjini na akataka kukutana naye. Alipomaliza chuo alichaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima, na timu ya Washington, iliyokuwa ya mwisho katika ligi ya kulipwa kukataa wachezaji weusi. Washington ikambadilisha na Cleveland kwa kumpata Bobby Mitchell. Cleveland ndiko alikokuwa Jim Brown, kwa hiyo 44 wawili wangecheza timu moja, bega kwa bega. Haikuwa. Kiangazi cha 1962 madaktari walimkuta na saratani ya damu. Hakucheza hata mechi moja ya ligi. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, ana miaka 23. Amezikwa Elmira, makaburi ya Woodlawn, yale yale alimozikwa Mark Twain. Cleveland ikaistaafisha, yaani asiivae mtu tena, jezi namba 45, ambayo alikuwa amepewa na hakuwahi kuivaa kwenye mechi ya ligi.

Kabla ya kufariki, Davis alikuwa amekwenda New Haven, Connecticut, kuzungumza na kijana anayeitwa Floyd Little. Little alikuwa akitafutwa na Notre Dame na pia na chuo cha jeshi cha West Point. Alimwambia Davis kwamba atakwenda Syracuse, ahadi ya aina ile ambayo kijana hutoa mbele ya mgeni mkubwa na huenda asiitimize. Habari za kifo zilipomfikia, alipiga simu Syracuse kuwaambia anakuja.

Jirani yangu alikuwa jukwaani mwaka 1964 Syracuse ilipocheza na Kansas kwenye uwanja wa zamani wa Archbold. Upande wa Kansas alikuwepo Gale Sayers, ambaye baadaye akawa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa mchezo huu. Watu walikuja kumtazama Sayers. Little, mwanafunzi wa mwaka wa pili, miguu yake matege ya wazi, akafunga tachidauni tano. Mzee akisimulia huinuka kwenye kiti cha kukunja na kuonyesha kwa mikono yake mwenyewe: mguu wa kushoto unakwenda kushoto, wa kulia kulia, na kiwiliwili katikati kinakwenda mbele kama kwamba hakihusiki na mabishano ya miguu. Kila mara anaonyesha vile vile. Little aliteuliwa katika kikosi bora cha taifa misimu yote mitatu, akacheza Denver kwa miaka tisa, na mwaka 2011 akarudi Syracuse kufanya kazi katika idara ya michezo, kukaa na vijana. Alifariki siku ya kwanza ya mwaka 2021.

Ndiyo hiyo 44. Mmoja alimwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu, na wa tatu akaja kwa sababu wa pili amekufa. Vyuo vingine vina namba kubwa, na mtu asinione kwamba sizijui. Michigan ina 11, iliyovaliwa na ndugu watatu wa tumbo moja, akina Wistert, wote watatu wakiwa nyota. Illinois ina 77 ya Red Grange, aliyeifunga Michigan tachidauni nne katika dakika 12 za mwanzo mwaka 1924. Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, wamefika mbali zaidi kuliko hata msimbo wa posta: kikomo cha mwendo wa magari chuoni kwao ni maili 18 kwa saa, kwa sababu Archie Manning alivaa 18. Texas A&M wana 12, na hiyo naipenda kwa moyo wote, kwa sababu chanzo chake ni mtu ambaye hakucheza. Mwaka 1922 E. King Gill aliitwa kutoka jukwaani wachezaji walipoumia wengi, akavaa, akasimama pembeni mpaka mwisho, tayari kuingia, na hakuhitajika. Zote nzuri. Lakini sijui chuo kingine ambako namba yenyewe ilitumika kumwita mtu wa pili na wa tatu, na kila aliyeitwa akaja kuwa mkubwa kama aliyemwita.

Namba hizi zina hesabu yake, na ni hesabu ngumu. Timu ya chuo ina wachezaji zaidi ya 100, na namba zinazoruhusiwa ni 0 mpaka 99, tena hiyo 0 imeruhusiwa mwaka 2020 tu. Walio kwenye mstari wa mbele wa mashambulizi lazima wavae kati ya 50 na 79, sheria ya tangu 1967. Kwa hiyo wachezaji wawili hugawana namba moja, mradi wasiingie uwanjani kwa pamoja. Kila namba inayostaafishwa inambana mtunza vifaa, ndiyo sababu Alabama, pamoja na vikombe vyake vyote, haijastaafisha hata moja. Syracuse ilistaafisha 44 tarehe 12 Novemba 2005. Aliyeivaa mwisho kabla ya hapo alikuwa Rob Konrad, msimu wa 1998.

Konrad hutajwa kidogo sana, na siku moja niliwaambia. Januari 2015 alianguka kutoka kwenye mashua yake pwani ya Florida, peke yake, mashua ikaendelea na safari, naye akaogelea kwa takriban saa 16 mpaka nchi kavu. Mtu wa namna hiyo kwa nini asitajwe? Na Michael Owens? Mwaka 1987, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya West Virginia, Syracuse ilikuwa imefunga tachidauni na bado iko nyuma kwa pointi moja, saa ikikaribia kwisha. Wangeweza kupiga teke la pointi moja watoke sare. Wakaamua kukimbilia pointi mbili, mpira akapewa namba 44, akaingia. 32 kwa 31, msimu bila kufungwa. Kwa mara moja ile, 44 ilitendewa kama namba hai, yenye kazi ya kufanya. Wanaosema namba ikae juu kwenye paa na wanaosema ivaliwe hawajapatana, na mimi niko na wanaosema ivaliwe. Brown, Davis na Little hawakuikuza kwa kuitazama.

Mpaka hapo mtu atadhani nitapiga kura yangu kwa 44. Sipigi, na sababu yake imo katika mwaka 1970.

Mwaka huo Schwartzwalder bado alikuwa kocha. Alikuwa askari wa miavuli aliyerushwa Normandy wakati wa vita vya pili, mtu asiyezoea kuhojiwa. Wachezaji weusi tisa walimpelekea madai. Walitaka kocha msaidizi mweusi. Walitaka nafasi uwanjani zigawiwe kwa uwezo. Walitaka msaada wa masomo sawa na wenzao. Na walitaka matibabu yanayofaa kwa mchezaji aliyeumia. Yasome tena madai hayo, hasa la mwisho. Hiki ni chuo kilichojengewa jina na migongo mitatu ya watu weusi, na miaka minne tu baada ya Little kuondoka, vijana weusi wanaomba daktari mzuri. Walipokataliwa waligoma mazoezi, na wakaukosa msimu. Jim Brown mwenyewe alikuja kujaribu kupatanisha, ikashindikana. Kamati ya chuo ilichunguza na kukiri kwamba ubaguzi katika idara ya michezo ulikuwa wa kweli na wa muda mrefu. Magazeti yaliwahesabu vibaya, wakaitwa Wanane wa Syracuse, na jina hilo limebaki ingawa walikuwa tisa. Chuo kiliwaomba radhi mwaka 2006, kikawapa nishani na makoti ya timu ambayo walistahili tangu ujana. Mwaka mmoja kabla yake jezi 44 ilikuwa imeshatundikwa. Kitambaa kiliheshimiwa kabla ya watu.

Naliweka jambo hili mbele ya wazee kila mara ubishi unapoanza kuwa wa yadi na vikombe. Namba ni kitu kinachovaliwa na mwili. Anayeumia ni mwili. Kama tunasema namba fulani ni kubwa, hebu tuulize imefanya nini kwa miili iliyoivaa na itakayoivaa. Hapo 44 inasimama kimya, na anainuka mtu mwingine.

John Mackey alivaa 88. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti kutoka Long Island, alicheza Syracuse 1960 mpaka 1962, na mwenzake wa chumba alikuwa Ernie Davis. Nafasi yake ilikuwa ile ya mwisho wa mstari, kazi yake nusu kusukuma watu wakubwa na nusu kudaka pasi, na kabla yake wengi waliiona ni nafasi ya kusukuma tu. Yeye alidaka na kukimbia. Baltimore walimchukua, akabaki na 88 yake, na Januari 1971 kwenye fainali ya Super Bowl alidaka mpira uliokwisha kugusa mikono ya wengine akakimbia nao, tachidauni ya yadi 75.

Tazama mwaka sasa. Mwaka 1970, wakati vijana tisa wanagoma Syracuse, aliyepita hapo hapo kabla yao alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa ligi nzima, wa kwanza tangu ligi mbili kuungana, na kiangazi hicho hicho aliongoza wachezaji katika mgomo wa mafao na pensheni. Kisha akaipeleka ligi mahakamani. Palikuwa na sheria inayomfunga mchezaji: hata mkataba ukimalizika, timu inayomchukua ilipaswa kuifidia timu ya zamani, na kamishna wa ligi ndiye aliyeamua fidia, kwa hiyo hakuna timu iliyothubutu. Mahakama ilimpa Mackey ushindi, na rufaa ya 1976 ikauthibitisha. Kila mchezaji anayehama leo kwa hiari yake anapita kwenye mlango alioufungua 88. Ukumbi wa magwiji wa futiboli ulimsubirisha mpaka 1992, na wengi huamini kesi ile ndiyo iliyomchelewesha. Mimi pia naamini.

Halafu akili yake ikaanza kuondoka. Ugonjwa wa ubongo ulimshika akiwa bado na nguvu za mwili, na huo ndio ubaya wake: mtu mkubwa, mwenye mabega yale, asiyejua yuko wapi. Mkewe Sylvia, waliyekutana wakiwa wanafunzi Syracuse, alirudi kazini uhudumu wa ndege akiwa na umri uliopita wa miaka 50 ili apate bima ya afya. Pensheni ya Mackey haikufika dola 2,500 kwa mwezi. Uwanja wa ndege, walinzi walipomwambia avue pete zake za ubingwa na za ukumbi wa magwiji zipite kwenye mashine, alikataa, akakimbia kuelekea ndege, wakamwangusha. Nyumbani alikataa kuoga na kupiga mswaki. Sylvia akaandika barua kana kwamba imetoka kwa kamishna wa ligi, ikimwagiza mchezaji John Mackey aoge na apige mswaki. Akatii. Ligi aliyoipeleka mahakamani, amri yake bado aliitambua wakati mambo mengine yote yamemtoka.

Barua nyingine Sylvia aliiandika kwa kamishna wa kweli, Paul Tagliabue, akieleza ugonjwa huu unavyomla mgonjwa na unavyommaliza anayemtunza. Ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha mpango wa kuzilipia familia za wachezaji wa zamani wenye maradhi ya kusahau: mpaka dola 88,000 kwa mwaka kwa anayetunzwa kwenye kituo, mpaka dola 50,000 kwa anayetunzwa nyumbani. Kiasi kile kilipangwa kwa jezi yake, na mpango wenyewe unaitwa Mpango wa 88. Mackey alifariki Julai 2011, ana miaka 69. Syracuse ilikuwa imeistaafisha 88 mwaka 2007.

Mhasibu wa gerejini hupinga kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba 88 haina ukoo. Hili si kweli kabisa: Marvin Harrison alivaa 8 hapa Syracuse, akaenda kuchezea timu ile ile ya Mackey, ambayo ilikuwa imehamia Indianapolis, na huko akavaa 88 mpaka akaingia ukumbi wa magwiji yeye pia. Mtu wa Syracuse alipokea kwa mtu wa Syracuse. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba mpango ule ni wa ligi ya kulipwa, nao ubishi ni wa timu ya chuo. Namjibu kwamba 44 nayo wanaitetea kwa yaliyotokea Cleveland na Denver, wala hakuna anayemkatiza mtu akianza kusimulia ya Jim Brown wa Cleveland. Namba tuliyomvalisha kijana hapa, akatoka nayo, ni yetu popote alipofika nayo.

Tena ukoo wa 88 ni mpana kuliko unavyoonekana kwenye orodha ya majezi. Mpango ulipanuliwa baadaye kuwafikia wenye ALS, ugonjwa unaokausha misuli huku akili ikiwa nzima, na wenye Parkinson. Mwaka 2018 Tim Green, mlinzi wa Syracuse wa miaka ya 1980, namba 72, aliyekwenda kucheza Atlanta kisha akawa wakili na mwandishi wa vitabu, alitangaza kwamba ana ALS. Mwaka uliofuata chuo kilistaafisha 72 yake mbele ya watu. Wakati anatangaza, ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa kwenye Mpango wa 88 kwa miaka kadhaa. Mhasibu anaweza kuendelea kuhesabu yadi. Kura yangu aiandike 88.